Mapacha wakae mkondo mmoja au watenganishwe? Namna ya kuamua kabla ya darasa la kwanza

Mzazi wa mapacha anapofika shuleni mwezi wa Oktoba kuandikisha watoto wa darasa la kwanza, mara nyingi hukuta uamuzi umekwisha kufanywa. Shule nyingine zina desturi ya kuwagawa mapacha, mmoja mkondo A na mwingine mkondo B, kwa maelezo kwamba wakiwa pamoja watategeana. Nyingine huwaweka pamoja bila kuuliza, kwa sababu tu majina yao yamefuatana katika daftari la uandikishaji. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili katika shule za msingi za Tanzania kwa miaka mingi, nimewagawa mapacha na nimewaacha pamoja, na ninaloweza kumshauri mzazi ni kwamba asikubali desturi hiyo wala ile kabla hajawatazama watoto wake, kila mmoja peke yake.

Tuanze na masomo, kwa kuwa ndiyo hofu inayotajwa kwanza. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti mkubwa uliowafuatilia mapacha wa Uingereza na wa jimbo la Quebec nchini Kanada, wenye umri wa kuanzia miaka 7 hadi 16, ukilinganisha waliosoma darasa moja na waliotenganishwa. Tofauti ya alama, ya uwezo wa kufikiri na ya ari ya kusoma ilikuwa ndogo mno, kiasi kwamba watafiti hawakuona sababu ya shule kuwa na kanuni moja ya kuwatenganisha mapacha wote. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2004, uliwaangalia watoto walioanza shule wakiwa na miaka 5, na ukaona kwamba waliotenganishwa mapema walionyesha wasiwasi na huzuni zaidi ya waliobaki pamoja, hasa wale wa kufanana. Huko Marekani jimbo la Minnesota lilipitisha sheria mwaka 2005 inayompa mzazi sauti katika jambo hili. Madarasa ya huko hayafanani na yetu ya watoto 80 au 100, lakini hoja ya kwamba mapacha wakikaa pamoja lazima wataanguka masomo imekosa ushahidi hata kule ilikochunguzwa kwa makini.

Kinachobaki ni tabia ya watoto hawa wawili, na tabia hiyo haionekani wakiwa pamoja. Kwa hiyo, miezi miwili au mitatu kabla ya kuandikisha, mzazi atafute nafasi za kuwatenganisha kidogo na kuangalia: mmoja aende kwa bibi Ijumaa na kurudi Jumapili huku mwenzake akibaki nyumbani, mmoja atumwe dukani peke yake, mmoja afuatane na baba sokoni. Aangalie nani anakula na nani anaacha chakula, nani anauliza kila saa mwenzake atarudi lini, na nani ghafla anaanza kusema maneno ambayo hakuwahi kuyasema kwa kuwa kulikuwa na mtu wa kumsemea. Mwalimu wa awali na ustadhi wa madrasa, au mwalimu wa shule ya Jumapili, nao waulizwe, kwa sababu wao huwaona watoto bila mama kuwapo.

Nitaeleza kisa kimoja kwa kuwa kilinifundisha kuliko semina yoyote. Watoto hao nitawaita Kulwa na Doto, majina ambayo mapacha wa Usukumani hupewa, Kulwa aliyetangulia kuzaliwa na Doto aliyefuata, na ambayo siku hizi yamezagaa karibu nchi nzima. Walikuja na penseli moja iliyokatwa katikati. Kipande chenye kifutio kilikuwa cha Kulwa. Doto alipokosea hesabu ilimbidi aazime kifutio, naye Kulwa hakumpa. Aliinama juu ya daftari la nduguye, akafuta mwenyewe, kisha akaandika jibu sahihi mwenyewe. Nilipomnyooshea Doto kadi ya herufi, macho yake yalikwenda kwanza kwa Kulwa. Niliamua siku hiyohiyo kwamba Doto anamezwa, na katikati ya muhula nikampeleka mkondo wa pili bila kumwambia mtu zaidi ya mwalimu mwenzangu.

Doto aliomba ruhusa ya kwenda chooni mara nne kwa siku kwa muda wa wiki moja, kwa sababu njia ya chooni ilipita chini ya dirisha letu. Wiki ya pili akazoea, akaanza kunyoosha kidole. Aliyevunjika ni Kulwa. Yule msemaji, aliyekuwa akijibu kwa niaba ya wawili, alinyamaza, akawa analala juu ya dawati, na mama yake akaja kuniuliza kama kuna mtoto anayempiga. Nilikuwa nimemtazama aliyeongozwa, nikasahau kwamba anayeongoza naye ameshikilia kitu. Tuliwarudisha pamoja hadi likizo ya Juni, madawati mbalimbali, kila mmoja na penseli yake na kifutio chake, na mwezi wa Julai, baada ya kuzungumza nao na kuwaonyesha vyumba vyote viwili, tukawagawa tena. Safari hiyo hapakuwa na safari za chooni.

Kutokana na hayo, swali la mzazi lisiwe tu nani anamtegemea nani, bali kila mmoja atakuwaje siku mwenzake hayupo. Iwapo wote wawili wanatulia wakiwa mbali, wanaweza kugawanywa hata darasa la kwanza bila madhara. Iwapo mmoja au wote wanataabika, ni afadhali waanze pamoja na suala litazamwe tena baadaye. Zipo hali ambazo mimi huona kuwaacha pamoja ni jambo la busara karibu kila mara: familia imehama hivi karibuni, kumetokea msiba nyumbani, mmoja alikuwa mgonjwa kwa muda mrefu, au watoto wametoka katika nyumba isiyozungumza Kiswahili na wanakutana nacho darasani kwa mara ya kwanza. Mtoto mwenye mtu mmoja wa kumwelewa asinyang'anywe mtu huyo wiki ileile anapopoteza mengine yote. Kwa upande mwingine, ikiwa wanapigana kila siku, ikiwa dada anamwandikia kaka yake, jambo la kawaida kwa mapacha wa jinsia mbili, au ikiwa mmoja mwenyewe ameomba kutengwa, ombi hilo lisikilizwe.

Suala la nafasi linahitaji uangalifu wa pekee. Ripoti zetu humwandikia mtoto kuwa wa 5 kati ya 87, na mapacha walio darasa moja huleta ripoti mbili nyumbani siku moja, mbele ya wajomba na majirani. Wazazi wengi huomba watoto watenganishwe ili kukwepa ulinganisho huo. Kabla ya kuomba hivyo, ulizeni kama shule inapanga nafasi kwa kila mkondo au kwa mikondo yote pamoja, kwa kuwa mtihani ukiwa mmoja na orodha ikiwa moja, kuta za vyumba viwili hazitaficha kitu. Ulinganisho mwingi, kwa kweli, huanzia nyumbani. Hata mama huitwa Mama Kulwa kwa miaka, na Doto huyasikia hayo. Someni ripoti za watoto kila moja kwa wakati wake, na mlinganishe alama za mtoto na zake za muhula uliopita.

Gharama nazo zisidharauliwe. Mapacha wa mkondo mmoja wanaweza kusomea kitabu kimoja na kufanya zoezi la nyumbani la aina moja. Wa mikondo miwili wana walimu wawili, vikao viwili na mara nyingine kazi mbili tofauti usiku mmoja, chini ya taa moja.

Shule nyingi za vijijini zina mkondo mmoja tu, na huko mjadala huu wote huhamia kwenye madawati. Mzazi anaweza kumwomba mwalimu wa darasa awakalishe safu tofauti, awaweke vikundi tofauti vya kazi, na asimtume mmoja kumwita mwenzake. Kwa mapacha wanaofanana, walionyolewa vipara na kuvaa sare ileile, mwalimu anahitaji msaada wa kuwatambua: jina lishonwe kifuani kwa uzi unaoonekana, na mikoba iwe ya rangi mbili. Nimewahi kuona alama za mtoto zikiingizwa kwa nduguye kwa muhula mzima kwa kukosa hilo tu.

Mkishaamua, nendeni shuleni Oktoba, msingoje asubuhi ya kufungua shule Januari, wakati mwalimu wa taaluma amezungukwa na watu hamsini. Elezeni mlichokiona kwa mifano, si kwa hofu: kwamba Doto hula akiwa kwa bibi na Kulwa hali, kwa mfano. Ombeni uamuzi huo upitiwe tena Juni, na muombe uandikwe, maana walimu huhamishwa na ahadi za mdomo huondoka nao. Watoto nao waulizwe, kila mmoja faraghani, na wasiulizwe kama wanataka kuachana na ndugu zao, kwa sababu mtoto wa miaka sita atasikia ameulizwa kama anampenda. Ulizeni angependa kukaa dawati moja na nani, na wakati wa mapumziko angependa kucheza na nani.

Ikibidi kubadilisha, badilisheni wakati wa likizo. Waambieni wote wawili kwa pamoja, siku moja, ili asiwepo aliyejua kwanza. Wapitisheni katika vyumba vyote viwili kabla ya siku ya kwanza, kila mmoja ajue mwenzake ataketi wapi, na wakubaliane mahali pa kukutana kengele ya mapumziko ikigonga. Kulwa na Doto walichagua chini ya mwembe, upande wa bomba.