Jinsi ya Kurudia Gemu za Zamani Pamoja na Marafiki

Anayetaka kuwakusanya marafiki ili wazirudie gemu za zamani kwa kawaida huanza kwa kutafuta mashine, kisha kaseti za gemu, kisha nyaya, na mwishoni kabisa ndipo anapojiuliza ni nani atakayecheza na nani. Utaratibu huo unafaa kugeuzwa. Gemu iliyokupendeza utotoni, ukicheza peke yako alasiri nzima, mara nyingi si gemu itakayowashika watu wanne au watano waliokaa pamoja kwa saa tatu. Na gemu ambayo hukuitilia maanani enzi zile inaweza kuwa ndiyo itakayowafanya wageni wasitake kuondoka. Kwa hiyo orodha ya gemu ipangwe kwa kuwatazama watu: wako wangapi, nani amezoea kushika pedi ya kuchezea na nani hajawahi kuishika, nani anapenda ushindani na nani huumia anaposhindwa mbele za wenzake.

Gemu zipi zifunguliwe

Kigezo cha kwanza ni muda ambao mtu mmoja hukaa bila kucheza. Super Mario Bros. ya mwaka 1985 inaruhusu wachezaji wawili, lakini wanacheza kwa zamu: Mario huendelea mpaka afe, ndipo Luigi apate nafasi. Wachezaji wanaolingana uwezo hawataona tatizo. Mmoja akiwa hodari na mwingine mgeni, yule mgeni atapoteza roho mara tu baada ya kuanza, kisha ataketi akitazama hatua baada ya hatua hadi achoke na kutoa simu mfukoni. Gemu hiyo ni nzuri mno, lakini si ya kufungulia mkusanyiko.

Zinazofaa kufungulia ni zile ambazo duru moja huisha upesi na kila mtu anaelewa anachotakiwa kufanya bila kusomewa maelezo. Super Bomberman ya mwaka 1993 ni mfano bora: uwanja wote unaonekana kwenye skrini moja, amri muhimu ni kutembea na kutega bomu, na ukiwa na kifaa cha kuongezea matundu ya pedi watu wanne hucheza kwa wakati mmoja. Mario Kart 64 ya mwaka 1996 haihitaji hata kifaa hicho, kwa sababu mashine yake, Nintendo 64, ilitengenezwa ikiwa na matundu manne ya pedi. Tena gemu za Mario Kart zina ukarimu wa pekee kwa wanaojifunza: aliye nyuma hupewa silaha zenye nguvu kuliko anayeongoza, kwa hiyo asiye na uzoefu hubaki ndani ya mashindano badala ya kusahauliwa.

Gemu za ngumi kama Street Fighter II, iliyotoka mwaka 1991, au Tekken 3, iliyoingia PlayStation mwaka 1998, zinafaa pia, ila zinahitaji utaratibu. Desturi ya mshindi kubaki na aliyeshindwa kumpisha mwingine ina raha yake, lakini kukiwa na bingwa mmoja jioni nzima inakuwa ya kwake. Nashauri mshindi apumzike baada ya ushindi wa tatu mfululizo, na bingwa anaporudi alazimike kuchukua mhusika ambaye hajamzoea. Katika Tekken 3 hilo linasaidia wote, kwa sababu anayebofya ovyo akiwa na mhusika Eddy Gordo anaweza kumtikisa mjuzi kweli kweli.

Baada ya ushindani, watu huhitaji gemu ya kushirikiana, na hapa ndipo zile za zamani zinapotoa utamu ambao sijauona kwingi. Chukua Contra ya mwaka 1988, ya NES, mashine ya Nintendo ya miaka ya 1980. Katika hatua ya tatu wachezaji wawili wanapanda maporomoko ya maji, wakiruka kutoka jabali hadi jabali, na skrini inasogea juu kadiri wanavyopanda. Skrini haimsubiri aliye chini. Mwenye haraka akiruka majabali mawili mbele, jabali alilosimama mwenzake linatoweka chini ya ukingo wa skrini na yule mwenzake anakufa bila kuguswa na risasi hata moja. Ndiyo maana wanaocheza vizuri hapo husikika wakisemezana muda wote: ngoja, panda sasa, usiruke, bado. Hakuna maandishi yanayowaambia wafanye hivyo. Ujenzi wa hatua yenyewe ndio unaowafunza kungojana.

Contra ni ngumu, na wachezaji wapya wanapaswa kuelezwa sababu ili wasijione wazembe. Gemu nyingi za wakati ule zilizaliwa kwenye mashine za kutumbukiza sarafu, ambako mchezaji kufa haraka ndiyo ilikuwa biashara. Na hata zile za nyumbani zilikuwa na nafasi ndogo sana ya kuhifadhia, kiasi kwamba Super Mario Bros. nzima ilienea katika kilobaiti 40. Ugumu ulikuwa njia ya kuifanya gemu fupi idumu kwa miezi. Kwa hiyo msione haya kutumia msimbo mashuhuri wa Konami, kampuni iliyoitengeneza Contra, kwenye skrini ya mwanzo: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Kabla ya kubonyeza Start, wanaocheza wawili hubonyeza Select. Kila mmoja ataanza na roho 30, na jioni moja itawatosha kuuona mwisho wake.

Gemu ndefu za masimulizi ziwekewe siku zake. Isipokuwa moja: Secret of Mana ya mwaka 1993 huruhusu hadi watu watatu kusafiri pamoja, na kundi dogo lililo tayari kukutana mara kwa mara litafaidi sana.

Mashine halisi au njia nyingine

Si lazima umiliki mashine ya zamani. Nintendo ilitoa NES ndogo yenye gemu 30 mwaka 2016 na Super NES ndogo yenye gemu 21 mwaka 2017, na kampuni nyingi huuza mikusanyo ya gemu zao za kale kwa ajili ya mashine za leo. Kwa mkusanyiko wa kwanza naona hiyo ndiyo njia ya busara, kwa sababu mwenyeji hatatumia saa nzima akihangaika na waya huku wageni wakimwangalia.

Tatizo ni kwamba gemu nyingi haziuzwi tena kwa njia yoyote. Utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation uligundua kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotolewa Marekani kabla ya mwaka 2010 hazipatikani sokoni. Wengi hukimbilia emuleta kwa sababu hiyo, yaani programu inayoifanya kompyuta ijifanye mashine ya kale. Programu hizo kwa jumla ni halali, lakini nakala za gemu zenyewe bado zina haki miliki, na sheria hutofautiana baina ya nchi. Mimi husimama upande wa kutumia gemu unazozimiliki.

Kwa anayetaka mashine halisi, PlayStation 2 ya mwaka 2000 ina faida kubwa, kwani husoma pia diski za PlayStation ya kwanza, hivyo mashine moja inafungua vizazi viwili vya gemu.

Kuandaa vifaa siku chache kabla

Vifaa vijaribiwe mapema, siku ambayo hakuna mgeni. Kaseti isiyowaka kwa kawaida haijafa, ni chafu. Usiipulize kwa mdomo kama ilivyokuwa mazoea, kwa sababu unyevu wa pumzi huchangia kutu kwenye meno ya chuma. Chukua kijiti cha pamba, kichovye kidogo katika alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi, kisha sugua meno yaliyo mdomoni mwa kaseti kwa upole, kutoka ndani kwenda nje. Pamba itatoka na weusi. Badilisha kijiti, rudia mpaka pamba itoke safi, na uache kaseti ikauke kabisa kabla ya kuichomeka. Diski nayo hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha.

Adapta ya umeme inahitaji uangalifu kuliko kitu kingine chochote. NES ya Marekani hutumia adapta inayotoa mkondo geu (AC), ilhali mashine nyingi za wakati huohuo zilitaka mkondo mnyoofu (DC), na zipo ambazo ncha ya ndani ya plagi ni hasi badala ya chanya. Plagi zinaweza kuingia na bado zikaua mashine. Soma maandishi yaliyo chini ya mashine na yale ya adapta, uyalinganishe: volti, aina ya mkondo na ncha. Mashine zilizotengenezwa kwa soko la Japani au Marekani hutarajia umeme wa volti 100 au 120 ukutani, hivyo penye volti 230 zinahitaji kipunguza umeme au adapta mbadala inayolingana.

Jambo jingine ambalo huwasikitisha watu ni kukuta kumbukumbu za utotoni zimefutika. Kaseti nyingi ziliokoa maendeleo ya mchezaji kwa kutumia betri ndogo ya ndani, na betri hiyo ikiisha baada ya miongo kadhaa, kila kilichohifadhiwa huondoka nayo. Fundi anaweza kuweka betri mpya, lakini hawezi kurudisha kilichopotea. Mjue hilo kabla ya kumwahidi rafiki kwamba mtaendelea pale mlipoachia.

Televisheni

Hapa ndipo mikusanyiko mingi inapoharibika bila mtu kujua kwa nini. Televisheni za chogo zilionyesha picha karibu papo hapo. Televisheni bapa hupokea picha, huisafisha, huikuza, ndipo huionyesha, na baadhi yake hutumia zaidi ya milisekunde 100 kwa kazi hiyo. Gemu hizi hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kucheleweshwa huko ni sawa na picha sita. Rafiki yako anabonyeza kitufe cha kuruka, Mario anatumbukia shimoni, naye anasema mikono yake imezeeka. Mikono yake ni mizima. Ingia kwenye mipangilio ya televisheni, washa hali ya gemu (Game Mode), uzime kila kinachodai kulainisha mwendo au kuboresha picha. Weka pia umbo la picha liwe 4:3, maana kuivuta ijaze skrini pana huwafanya wahusika wawe wanene na kuharibu makadirio ya umbali.

Mkipata televisheni ya chogo iliyo nzima, itumieni. Gemu za bunduki kama Duck Hunt haziwezi kuchezwa penginepo katika umbo lake la asili, kwa kuwa bunduki hutegemea jinsi skrini ya aina hiyo inavyomulika. Lakini msiifungue kwa ndani hata ikiwa imechomolewa, kwa sababu hubaki na umeme unaoweza kuua.

Mtu akisema gemu inakwenda polepole au kasi kuliko anavyoikumbuka, huenda yuko sahihi kabisa. Matoleo ya nchi zilizotumia mfumo wa televisheni uitwao PAL yalikwenda kwa picha 50 kwa sekunde badala ya 60, na mengi hayakurekebishwa, kwa hiyo yalikuwa na mwendo pungufu kwa takriban asilimia 17.

Jioni yenyewe

Kubalianeni sheria kabla ya pedi kushikwa. Katika GoldenEye 007 ya mwaka 1997, gemu ya kupigana risasi ambamo skrini hugawanywa kwa wachezaji, makundi mengi humkataza mtu kumchagua mhusika Oddjob, kwa kuwa ni mfupi na risasi humpita juu ya kichwa. Amueni pia kama kuchungulia robo ya skrini ya mwenzako ni kosa au ni sehemu ya mchezo. Nionavyo mimi, katika skrini iliyogawanywa ni sehemu ya mchezo, na kujaribu kuikataza huleta ugomvi usioisha. Katika Streets of Rage 2 wenzi wanaweza kupigana kwa bahati mbaya, basi waambieni wageni mapema ili ngumi ya kwanza isichukuliwe kuwa ya makusudi.

Asiyewahi kucheza aketishwe karibu na mtu mvumilivu, aelezwe vitufe viwili tu, vingine atavigundua. Mjuzi asimnyang'anye pedi kwa kisingizio cha kumvusha mahali pagumu mpaka aombwe. Gemu ikiwachosha, izimeni hata kama ndiyo mliyoisubiri kwa wiki nzima, kwani baadhi ya gemu hazijazeeka vizuri na hakuna deni la kuzimaliza.

Rafiki aliye mbali anaweza kushiriki. Huduma ya Nintendo Switch Online huruhusu kucheza gemu za NES, Super NES na Nintendo 64 kupitia intaneti, na kwa gemu za ngumi ipo Fightcade, programu ya kuzicheza mtandaoni. Tumieni waya wa mtandao badala ya Wi-Fi inapowezekana, na muwe na njia ya kusikizana sauti wakati wa kucheza.

Mkimaliza, hifadhini maendeleo kabla ya kuzima. The Legend of Zelda ya NES huelekeza kwamba kitufe cha Reset kishikiliwe wakati wa kuzima umeme, la sivyo kilichohifadhiwa kinaweza kuharibika. Kaseti na kadi za kumbukumbu zichomolewe baada ya mashine kuzimika, kamwe si kabla, nyaya zikunjwe bila kuvunjwa shingo, na vyote viwekwe mahali pakavu pasipopigwa na jua.