SOMO: Akiba ya chakula nyumbani kwa hela ndogo (mahindi na maharage) bila kuliwa na fukusi

Habari zenu wakuu. Kila bei ya unga ikipanda napokea maswali yaleyale, niweke nini, niweke kwenye nini, mbona yangu yameoza, naandika hapa mara moja na atakayeniuliza tena nitamtumia hii. Naongea na mtu aliyepanga vyumba viwili mjini, ana watoto, hana shamba wala ghala na mshahara unaisha tarehe 15. Mwenye godauni hili sio somo lake.

Kwa nini uhangaike? Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga mkoani Lindi, magari yakalala njiani na mizigo. Lakini kwa wengi wetu dharura haiji na jina la kimbunga, inakuja kibarua kikisimama, mtoto akilazwa, Januari ada na kodi ya nyumba vikigongana. Siku hiyo kama chakula kipo ndani, hela kidogo uliyonayo inaenda kwenye dawa. Hilo tu ndilo nalolitaka kwa kila nyumba.

HATUA 1: Jua mnakula kiasi gani.
Tumia kipimo cha chakula cha msaada: mtu mmoja kwa siku nafaka gramu 400, maharage au kunde gramu 60, mafuta gramu 25, chumvi gramu 5. Nyumba ya watu watano kwa mwezi ni nafaka kilo 60, maharage kilo 9, mafuta lita 4 hivi. Usianze na mwezi, anza na wiki moja: nafaka kilo 14 na maharage kilo 2. Hiyo hata mama ntilie anaiweza, ukiifikisha unaongeza wiki ya pili.

HATUA 2: Nunua msimu.
Mahindi ya nyanda za juu kusini yanaanza kuvunwa Mei na Juni, na bei inakuwa chini mpaka kama Septemba, ikifika Januari hadi Machi imeshapanda. Mimi Juni sinunui hata kama ni rahisi, maana mengi yanakuwa bado na maji na unalipia hayo maji. Nasubiri mwisho wa Julai na Agosti. Kama gunia hulimudu changeni wanne, mnunue kwa jumla soko la Tandale au popote panaposhushwa mzigo, mgawane kwa mzani sio kwa macho, urafiki mwingi umevunjika kwenye kugawana gunia. Lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita mdomo, usishangilie, angalia kilo.

HATUA 3: Weka punje, usiweke unga.
Dona lina kiini cha mahindi ndani na kiini kina mafuta, likikaa linachacha na kuwa chungu, usiliwekee matumaini zaidi ya mwezi mmoja au miwili. Sembe linavumilia zaidi kidogo ila nalo sio la mwaka. Mahindi mazima yakihifadhiwa vizuri yanafika msimu mwingine. Saga ya wiki mbili mbili.

HATUA 4: KUKAUSHA. Soma hapa mara mbili.
Hii ndiyo hatua iliyonilia gunia zima. Mahindi unaweza ukayashika ukaona makavu, ukayauma yakalia, na bado yana maji ya kutosha kuota ukungu, na ukiyafungia hewa isiingie ndo umeyapikia humo humo. Yanatakiwa yawe na unyevu asilimia 13 au chini yake. Kipimo chake cha mashine hatuna, kwa hiyo tumia chumvi: chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, weka chumvi ambayo umeianika au umeikaanga kidogo ikakauka na ikapoa, vijiko viwili vitatu, ongeza mahindi mpaka kama theluthi ya chupa, funga, tikisa vizuri dakika kadhaa, iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda bado usikimbilie kufunga, anika siku moja zaidi ya jua kali, kwa sababu kati ya 15 na 13 chumvi haikuambii kitu.

Anika juu ya turubai, sio chini kwenye udongo wala pembezoni mwa lami. Jioni anua, umande unarudisha maji yote. Ukimaliza ACHA YAPOE kabla ya kufunga, mahindi ya moto yakifungwa yanatoa jasho ndani. Pepeta, toa vumbi na punje zilizovunjika, na zenye ukungu au rangi ya ajabu tupa kabisa, usimpe hata kuku.

Hapa sio suala la ladha. Ukungu huo unaleta sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, mwaka 2004 Kenya, upande wa Makueni na Kitui, walikufa watu 125. Sumukuvu haionekani, haina harufu, na kupika hakuiondoi. Karanga nazo ni hivyo hivyo. Mtu akikwambia "osha tu upike sana" usimsikilize.

HATUA 5: Kufungia hewa.
Kwa mahindi tumia mifuko ya PICS, ile wengine wanaita kinga njaa, mifuko miwili ya nailoni ndani na salfeti nje. Kabla ya kujaza puliza hewa kila nailoni uione kama inavuja. Jaza, kandamiza hewa itoke, sokota mdomo wa nailoni ya ndani, kunja, funga kwa kamba, halafu ya pili peke yake, halafu salfeti. Ukishafunga usifungue mwezi mzima wa kwanza. Sumu ya unga ya kuua wadudu haihitajiki humo.
Maharage na choroko weka kwenye chupa za maji za lita moja na nusu, zioshe, zikauke kabisa, jaza mpaka juu kabisa huku unagonga gonga chini, funga kizibo kwa nguvu. Chupa unapata bure. Dumu la lita 20 lililokuwa la mafuta ya kula nalo linafaa, la mafuta ya taa hapana.

HATUA 6: Juu ya mbao, mbali na ukuta, mbali na panya.

HATUA 7: Andika tarehe kwa maka pen, kula cha zamani, rudishia. Weka mnachokula kila siku.

HATUA 8: Chumvi, mafuta, kiberiti, mkaa kidogo au gesi ya akiba, na madumu ya maji. Maharage bila moto hayasaidii.

Maswali karibuni.

——

Baba Junior: Mkuu asante kwa somo. Mimi nina dona kilo 50 nimesaga jana, nataka likae mpaka mwakani, naweka kwenye nini?

Mwandishi: Hatua ya 3.

Baba Junior: Nimesoma ila nilitaka kujua kama kuna dawa ya kuweka

Mwandishi: Hakuna. Gawa na ndugu, au uza nusu wiki hii likiwa bado zuri, hela yake nunua mahindi.

Kisura wa Tabata: Shikamoo. Hiyo mifuko unauza bei gani na unaleta mpaka mlangoni?

Mwandishi: Marahaba. Siuzi kitu. Ulizia maduka ya pembejeo, na uikague mwenyewe dukani kama haijatoboka.

Fundi Sele: Kuna jamaa sokoni kanipa vidonge vya gesi, anasema unaweka viwili kwenye gunia unafunga hakuna mdudu. Gunia lipo chumbani tunapolala maana sina stoo. Sawa?

Mwandishi: Fundi kama umeshaviweka toka nje na watoto SASA HIVI, fungua madirisha na milango, usilale humo leo. Vile vidonge vikikutana na unyevu wa hewani vinatoa gesi ya fosfini, hiyo hiyo inayoua fukusi inaua mtu, na watoto ndio wanaoanza. Ni vya maghala, wanaoviweka wana vifaa na mafunzo. Wakuu nawaomba, chumba cha kulala na vidonge vile havikai pamoja hata usiku mmoja. Fundi nijibu.

Fundi Sele: Sijaviweka mkuu, vipo kwenye kopo lake. Nimekuelewa.

Mwandishi: Alhamdulillah. Usikifungue wala usikitupe jalalani watoto wakakiokota. Kipeleke kwa bwana shamba au ofisi ya kilimo ya wilaya. Gunia lako hamishia kwenye PICS, hilo unaweza kulala nalo chumba kimoja bila shida yoyote.

Mdadisi255: Naomba kuelewa zaidi. Kama hakuna sumu, fukusi anakufa na nini? Na kwa nini tusifungue mwezi wa kwanza?

Mwandishi: Swali zuri, ukilielewa hili hutakosea kufunga. Fukusi anapumua kama sisi. Ukimfungia anaendelea kula na kupumua, oksijeni inapungua, hewa chafu inaongezeka, anaacha kula, anaacha kuzaa, mwisho anakufa, na mayai na funza walioko ndani ya punje nao wanakwama. Kwa hiyo wadudu wenyewe ndio wanaomaliza ile hewa. Ukifungua wiki ya pili kuchungulia umewaingizia hewa mpya na wanaanza upya. Ndo maana nasema jaza mpaka juu, hewa ikibaki nyingi wanaishi muda mrefu zaidi na wanakula zaidi. Na kama mnakula kila wiki, usichote kwenye gunia kubwa. Toa ya mwezi mara moja weka kwenye ndoo yenye mfuniko, kubwa lifunge tena haraka. Wa kuangalia sana ni dumuzi, yule wengi mnamwita skania. Asili yake ni Amerika ya Kati, huku kwetu alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na ana meno ya kutoboa hata nailoni. Ukiona unga mwingi umejaa chini ya gunia sokoni, usinunue hilo.

Mdadisi255: Nimeelewa sana. Kumbe hata chupa ya maji ni kanuni hiyo hiyo.

Mwandishi: Hiyo hiyo. Na chupa ina faida nyingine, ukifungua moja zile nyingine hazijaguswa.

Mwananchi Halisi: Nyie ndo mnaopandisha bei. Kila mtu akiweka magunia ndani maskini atakula nini? Huu ni ulanguzi tu mmeupamba.

Mwandishi: Nimeandika kilo 14 kwa kuanzia. Mlanguzi anaficha ili auze bei ikipanda, mama wa watoto watatu anaweka ili asinunue bei ikipanda. Na Agosti mkulima ana mzigo anatafuta mnunuzi, ukinunua kipindi hicho hujamnyang'anya mtu. Kukimbilia dukani kubeba viroba kumi siku barabara imekatika, hilo ndilo baya na sijalifundisha popote.

Mzee Kihenge: Wanangu, mwaka 1984 tulipanga foleni na tukala ugali wa yanga, yale mahindi ya njano. Kwa mama yangu kijijini kulikuwa na kihenge, ghala la kienyeji, mtama umechanganywa na majivu, wajukuu hawakulala njaa. Je majivu siku hizi hayafai?

Mwandishi: Shikamoo mzee wangu, asante sana kwa kuchangia. Yanafaa, majivu makavu laini yanamkwangua mdudu ngozi akakauka, na yanajaza nafasi kati ya punje. Tatizo yanatakiwa mengi, sio kunyunyizia kiganja, na mjini tunapika kwa gesi. Mwarobaini nao unasaidia kupunguza ila mimi nisingeutegemea peke yake kwa mwaka mzima. Mtama ulikuwa chaguo la busara, na mpunga usiokobolewa nao unadumu kuliko mchele. Mama alihifadhi mbegu pia humo?

Mzee Kihenge: Marahaba. Mbegu alitundika juu ya jiko, moshi unapita.

Mutua_Kitui: Hapa Kitui tumesoma kwa makini, hiyo ya 2004 tunaikumbuka vibaya. Swali, mimi hununua mahindi kwa gorogoro (lile kopo la kupimia) kidogo kidogo, sina pesa ya gunia. Nikichanganya za wauzaji tofauti ni sawa?

Mwandishi: Karibu ndugu, na poleni. Kununua kidogo kidogo ni sawa kabisa, kuchanganya hapana, mpaka kila moja umeipima chumvi yake. Gorogoro moja lenye unyevu linaharibu mengine yote. Weka kila ununuzi kwenye dumu dogo lake la lita 5 na tarehe. Huko kwenu mna ndengu na mbaazi, zijaze kwenye chupa, na ndengu zinaiva haraka kuliko maharage kwa hiyo unaokoa mkaa.

Mama Wawili: Maharage yangu ya mwaka jana nachemsha masaa matatu hayaivi, yameharibika?

Mwandishi: Hayajaharibika dada, yamezeeka, yakikaa sana sehemu ya joto yanakuwa magumu. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, chemsha na magadi kidogo. Chumvi na nyanya weka yakishaiva. Mwakani yaleni kabla hayajafika huko.

Mama Wawili: Mi huwa nachemsha mpaka yanachemka nafunika nafungia na blanketi kwenye kapu, asubuhi yamelainika

Mwandishi: Hiyo ni nzuri sana kwa kuokoa mkaa, wengine ichukueni. Ila yale mekundu yachemke kwa nguvu dakika kumi kwanza kabla ya kapu, yana sumu yake yakiwa hayajaiva inatapisha, na asubuhi yachemshe tena.

Baba Junior: Na dagaa?

Mwandishi: Nunua waliokaushwa kwenye chanja sio kwenye mchanga, kaanga kidogo bila mafuta wakauke kabisa, waache wapoe, weka kwenye kopo la kufunga. Miezi miwili hivi, wakianza harufu ya mafuta ya zamani wamekwisha. Lile dona umeshaligawa?

Baba Junior: Nimeuza kilo 30 leo asubuhi