Nyumba ina madirisha ila hewa haiingii? Angalia nyavu kwanza

Jumamosi nimeshinda kwa shangazi Kirumba, Mwanza, mjukuu wake anakohoa kila usiku na ukiingia ndani tu unakutana na harufu ya mkaa na mafuta ya kukaangia sato. Naandika tulivyofanya.

1. Jiko la mkaa litoke nje. Mkaa ukishakolea hautoi moshi ndo maana mvua ikinyesha watu wanaliingiza ndani bila wasiwasi, kumbe hapo ndo linatoa kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Mkianza kuumwa kichwa na kichefuchefu wawili watatu kwa pamoja, tokeni nje wote, maswali baadaye. Mwenye uwezo ahamie gesi, hata serikali inataka kaya asilimia 80 zipikie nishati safi ifikapo 2034.

2. Fungua madirisha ya pande mbili. Moja halitoshi.

3. Hapa ndo siku yangu iliishia. Madirisha yote wazi, upepo wa ziwani unapepea nguo kwenye kamba, ndani joto limetulia palepale. Nikatoa mapazia, nikasogeza kabati, nikapanda darini kuangalia matundu, masaa matatu yakaenda. Mwisho nikawasha kijiti cha udi nikakisogeza karibu na nyavu, moshi ukapanda wima kama pale pana ukuta. Nikapitisha kidole, kikatoka na utando mweusi: vumbi limeshikana na mafuta ya jikoni na mbawa za wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama wingu wakifuata taa, wameziba vitundu kimoja kimoja. Na ukiwa mbali unaiona nyavu nzima kabisa!

Usiisugue ikiwa kavu, vumbi lote litaingia ndani, lowesha kwanza. Fremu ya alumini inyanyue juu halafu vuta chini ije kwako. Iliyopigiliwa misumari osha hapohapo, watoto wakae nje. Maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, acha dakika kumi, brashi laini (stili waya hapana, inachana), halafu suuza toka ndani kwenda nje ili uchafu urudi ulikotokea. Kama ni ya chuma na ina kutu badilisha tu, mi naweka ya faiba siku zote, huku ziwani chuma hakikai. Anza asubuhi maana giza likiingia lazima iwe imerudi, mbu hawasubiri.

Ikikauka rudia udi. Moshi ukilala kuja ndani, hewa inaingia, nenda dirisha la pili uone kama unavutwa nje. Jaribu mchana na usiku, kwa sababu mchana upepo unatoka ziwani na usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani, kwa hiyo dirisha lililokuwa linaingiza ndo litatoa.

4. Wadudu wakianza, zima taa ya barazani.

5. Dawa ya mbu ya kuchoma isilale chumbani na mtoto, moshi ni moshi. Chandarua kinatosha. Na sprei za marashi mi sizikubali, zinafunika harufu tu na uchafu uko palepale.

6. Mtoto akikohoa wiki mbili au zaidi mpeleke akapimwe TB, hata kama nyavu zinang'aa. Wa shangazi anaenda Jumatatu.