Namna ya kusoma hadithi za majitu ukiwa mrefu kupita wote

Aliyezoea kuitwa mlingoti au twiga tangu shule ya msingi asianze na hadithi za zimwi. Aanze na Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani. Tafuta utenzi uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, uwe na penseli na futi kamba ya fundi cherehani.

Soma mara ya kwanza moja kwa moja. Mara ya pili, pigia mstari kila mahali ambapo ukubwa wa mwili unatajwa, kisha andika pembeni: umemfaa, au umemponza? Liyongo ni mrefu na mpana, watu wanakuja kumtazama tu. Anapuliza panda, yaani baragumu ya pembe, hadi inapasuka. Mkobani mwake mnatoka kinu na mchi. Lakini penye hatari ya kufa, kinachomwokoa ni akili. Wenzake wa kikoa, yaani wa kula pamoja kwa zamu, walipanga kumpiga mishale akishapanda mkoma, aina ya mti wa jamii ya mnazi, naye akayaangua makoma kwa mshale akiwa chini. Tupa ya kukatia pingu ilimfikia gerezani ndani ya mkate wa wishwa, yaani makapi ya nafaka, chakula ambacho walinzi hawakukitamani. Wasomaji wengi warefu huruka sehemu hizi kwa haraka ya kufikia vituko vya nguvu, na hapo ndipo wanapompoteza mtu mwenyewe.

Sasa geukia ngeli, maana kwa Kiswahili hukumu imejificha humo. “Jitu lilikuja, likanguruma” na “Liyongo alikuja” havina uzito mmoja: penye li- msimulizi keshamtoa mhusika katika hesabu ya watu. Chukua aya moja ya hadithi ya jitu, weka a- kila palipo na li-, uisome kwa sauti. Kama bado inasimama, huyo alikuwa mtu mrefu aliyeonewa. Kama inaporomoka, mwache awe zimwi.

Vipimo vinahitaji uangalifu. Biblia ya Kiswahili inampa Goliathi mikono sita na shibiri moja; mkono hapa ni kipimo cha kale, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Usipime kwa mkono wako! Wako ni mrefu kuliko wa kawaida, hivyo Goliathi ataongezeka bila sababu. Tumia sentimita 45 kwa mkono, na nusu yake kwa shibiri: unapata karibu mita 2.9. Hata Robert Wadlow wa Marekani, mtu mrefu kuliko wote waliopimwa kwa uhakika, aliishia mita 2.72. Ila tafsiri ya kale ya Kigiriki na gombo mojawapo la Bahari ya Chumvi yanasema mikono minne na shibiri, yaani mita 2 na kidogo. Simama ukutani, weka alama hapo, ulinganishe na utosi wako. Qurani inamtaja Jaluti, yaani Goliathi huyo huyo, bila kutoa kimo chake, kwa hiyo huko usiingize namba.

Ukiwasimulia watoto, kaa mkekani. Ukisimama, wadogo watakuogopa wewe na kuisahau hadithi. Inuka mwishoni tu, Liyongo anapochomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe: piga goti moja kama alivyopiga yeye kisimani akafa hivyo hivyo, vuta upinde, macho yawe usawa wa mtoto aliyesimama. Mji mzima uliogopa kuteka maji ukidhani yu hai. Nyamaza, hesabu moyoni hadi kumi, ndipo uanguke.