Koitoboss kwa siku moja: anza hesabu na jioni

Wengi wakipanga kupanda Mlima Elgon huuliza watafika kileleni saa ngapi. Mimi naomba muanze na swali jingine: giza likiingia, mtakuwa wapi? Koitoboss, kilele ambacho wapandaji wengi wa upande wetu wa Kenya hukilenga, kina mita 4,222. Chini yake kuna msitu mnene wa podo, mwangati na mianzi, makao ya nyati na ndovu. Humo hamtembewi kwa tochi.

Hatua ya 1: Mahali pa kulala. Anayetoka Kisumu, mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, akataka kugusa kilele siku hiyo hiyo, anajitafutia maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Laleni Kitale au Endebess. Mkiweza, laleni kambini ndani ya hifadhi, ndiyo bora zaidi kwa sababu mwili huanza kuzoea hewa nyepesi mapema. Ada lipeni kabla kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na mpige simu mapema kuomba askari wa KWS, shirika la wanyamapori, wa kuwasindikiza. Msipande bila yeye.

Hatua ya 2: Ratiba, kutoka mwisho kurudi mwanzo. Chukueni kalamu. Jua huzama kama saa moja kasoro jioni, na msituni giza hutangulia. Kwa hiyo gari liwe limefika lango la hifadhi, Chorlim, saa kumi na moja. Kuteremka kwa gari kutoka barabara inapoishia juu, tengeni muda wa saa mbili: mnaondoka hapo saa tisa. Kushuka kwa miguu kutoka kileleni hadi kwenye gari, tengeni muda wa saa tatu ingawa wepesi watatumia chache. Hapo mmepata saa sita mchana, na hiyo ndiyo saa ya kugeuka. Saa sita ikigonga mnageuka, hata kilele kiwe mnakiona. Mchana mawingu hupanda kutoka bondeni, mvua ya mawe huweza kushuka, na ukungu ukifunga hata njia iliyokanyagwa sana hupotea.

Sasa endeleeni kurudi nyuma: kuanza kupanda saa mbili asubuhi, kuingia langoni saa kumi na mbili linapofunguliwa. Ikiwa hesabu hiyo haiwatoshi, hamko tayari kwa safari ya siku moja. Pigeni hema mlale juu.

Hatua ya 3: Mzigo. Maji lita tatu kwa kila mtu. Koti la mvua, sweta nzito, glavu, kofia. Jinzi iacheni nyumbani, ikilowa haikauki na baridi ya juu haina huruma. Chapati, mayai ya kuchemsha na njugu. Tochi na firimbi hata kama hamtarajii kuzitumia.

Hatua ya 4: Mtu wa nyumbani. Mwachieni jina la lango, namba ya gari na saa ya kupiga simu hifadhini asipowasikia. Andikeni kwenye karatasi, msimwambie kwa mdomo tu.

Hatua ya 5: Mwendo. Gari huishia mita 3,500 hivi. Kuanzia hapo ni nyasi, miamba na mimea ya lobelia inayomzidi mtu kimo. Pazuri mno, na hewa ni chache. Tembeeni kwa mwendo wa anayekwenda polepole kuliko wote. Mtu akianza kuyumba au kutapika, dawa ni kushuka mara moja, na asishuke peke yake.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi nina Probox. Itafika?*
Hadi langoni, barabara ikiwa kavu, ndiyo. Juu ya hapo unahitaji gari la magurudumu manne yanayovuta. Udongo ule ukilowa ni sabuni. Changeni mkodishe moja Kitale.

*Mwezi gani unafaa?*
Desemba hadi Februari. Aprili na Mei mimi simshauri mtu.

*Kaka, na pango la Kitum? Nimesikia habari za Marburg.*
Umesikia kweli, dada. Mwaka 1980 na tena 1987, watu waliokuwa wamelitembelea pango hilo waliugua Marburg, homa kali ya virusi, wakafariki. Popo wanaokula matunda ndio hubeba virusi hivyo. Ndovu huingia mle kukwangua chumvi ukutani, jambo la ajabu kweli, lakini litazame ukiwa nje. Usiguse popo wala kinyesi chao. Aliyeingia akapata homa ndani ya wiki tatu amwambie daktari wazi kwamba alikuwa pangoni. Tena, siku ya Koitoboss pango lisiwemo kwenye ratiba. Litakula saa zenu za asubuhi.

*Mwanangu ana miaka tisa, aje?*
Mama, kwa Koitoboss asubiri. Mlete Endebess Bluff: njia ni fupi, na atauona uwanda wote wa Trans Nzoia chini yake.