Kodi ya Mshahara Uliyokatwa Kupita Kiasi: Namna ya Kuidai Bila Kuangukia Mikononi mwa Matapeli

Kusi inapoanza kuvuma na mvua za masika kuingia, hoteli nyingi za Malindi na Watamu hupunguza wafanyakazi au hufungwa kabisa hadi wageni warudi. Mpishi, mhudumu wa vyumba au bawabu aliyekatwa kodi kila mwezi wa msimu hurudi nyumbani bila kujua kwamba sehemu ya kodi ile, na pengine yote, ana haki ya kurudishiwa. Mwajiri hukata kodi ya PAYE, yaani kodi ya mapato inayotolewa kwenye mshahara kila mwezi, kana kwamba mshahara wa mwezi huo utalipwa miezi yote 12, ilhali sheria ya Kenya huhesabu kodi ya mapato kwa mwaka mzima, kuanzia Januari hadi Desemba.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ninaomba kila aliyefanya kazi ya msimu aifuate kwa makini. Kwa viwango vya mwaka 2024, Sh24,000 za kwanza za mwezi zilitozwa asilimia 10, Sh8,333 zilizofuata asilimia 25, na zilizozidi hapo, kwa mshahara wa kawaida, asilimia 30. Kisha kodi hiyo ikapunguzwa kwa nafuu ya Sh2,400 kila mwezi. Aliyekuwa na mshahara wa Sh40,000 unaotozwa kodi alikatwa takriban Sh4,383 kwa mwezi. Ikiwa alifanya kazi kuanzia Januari hadi Aprili, akaitwa tena Oktoba hadi Desemba, basi kwa miezi hiyo saba alikatwa karibu Sh30,680. Lakini mapato yake ya mwaka mzima ni Sh280,000, ambayo yote yamo ndani ya kiwango cha asilimia 10, na kodi yake ni Sh28,000, wakati nafuu ya mwaka anayostahili (Sh2,400 mara miezi 12) ni Sh28,800. Hadaiwi hata shilingi moja, na kila alichokatwa ni chake.

Wapo wengine wanaoweza kudai ingawa walifanya kazi mwaka mzima. Anayelipia bima ya maisha, au bima ya elimu ya miaka 10 na zaidi, hupata nafuu ya asilimia 15 ya malipo yake, isiyozidi Sh60,000 kwa mwaka, na mara nyingi mwajiri huwa hakuihesabu. Mtu mwenye ulemavu aliyepewa cheti cha msamaha wa kodi hatozwi kwenye Sh150,000 za kwanza za kila mwezi; mwajiri akiendelea kumkata baada ya cheti kutolewa, anaweza kudai.

Kinachohitajika kwanza ni fomu ya P9, ambayo mwajiri hutoa baada ya mwaka kwisha na ambayo huonyesha mshahara na kodi ya kila mwezi. Kama ulifanya kazi katika hoteli mbili, chukua P9 kutoka kwa zote mbili. Ilinganishe na hati zako za mshahara, mwezi kwa mwezi, kabla ya kufanya jambo jingine lolote, kwa sababu mwajiri anatakiwa kuwasilisha kodi aliyokata kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, na akiwa alikata bila kuiwasilisha, dai lako litakwama hata kama wewe huna kosa. Hapo itakubidi umrudie mwajiri huyo, hati zikiwa mkononi, kisha uieleze Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA).

Baada ya hapo ingia kwenye iTax, mfumo wa KRA wa mtandaoni, itax.kra.go.ke, kwa PIN yako (nambari yako ya mlipakodi) na neno lako la siri, uwasilishe ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi, ya mwaka uliopita kufikia tarehe 30 Juni. Anayechelewa hutozwa faini isiyopungua Sh2,000. Jaza mapato na kodi kama yalivyo kwenye P9, uongeze bima kama unayo, kisha uweke akaunti ya benki iliyo kwa jina lako mwenyewe. Ukifika kwenye hesabu ya mwisho na kuona kiasi chenye alama ya kutoa mbele yake, hicho ndicho ulicholipa kupita kiasi. Wasilisha, pakua stakabadhi ya ritani, uihifadhi, kisha thibitisha kwenye menyu ya marejesho kwamba dai limesajiliwa. KRA inaweza kukuomba hati za kuthibitisha, na kama una deni jingine la kodi, fedha hizo zinaweza kwanza kulipia deni hilo. Sheria inakupa miaka mitano tangu siku ya malipo kudai, kwa hivyo misimu iliyopita haijapotea.

Kosa linalowanyima watu wengi haki yao hufanyika saiba, yaani kwenye duka la intaneti. Niliwahi kuketi na jamaa yangu, mhudumu wa mkahawa wa ufukweni, tukafungua ritani zake za miaka miwili na kukuta kwamba zote ziliwasilishwa kama za mtu asiye na mapato, kwa sababu kijana aliyemhudumia alitaka kumaliza foleni. Ritani ya sifuri kwa mtu aliyeajiriwa ni tamko la uongo mbele ya Mamlaka, na juu ya hayo hufuta ushahidi wa fedha anazodai. Tulizirekebisha ndani ya iTax kwa kutumia P9 zake. Lakini kilichonisikitisha zaidi ni kwamba anwani ya barua pepe iliyosajiliwa haikuwa yake, na neno la siri lilikuwa likijulikana na mtu mwingine. Mwenye barua pepe hiyo anaweza kubadilisha neno la siri na hata akaunti ya benki. Tafadhali fungua barua pepe yako, hata kwa msaada wa mwanao, na ukiomba msaada saiba, liandike neno la siri kwa mkono wako mwenyewe na uondoke kwenye akaunti kabla ya kunyanyuka kwenye kiti.

Wapo pia wanaojitolea kukuongezea marejesho kwa kuandika bima usiyokuwa nayo, wakidai fungu lao. Ritani imebeba PIN yako, na KRA ikigundua udanganyifu itakutafuta wewe.

Matapeli wa simu huja kwa njia chache tu. Hutuma ujumbe unaosema umekubaliwa marejesho ya kiasi fulani, ubonyeze kiungo; au hupiga simu, wakajiita maofisa, wakakuita baba au mama kwa adabu kubwa, kisha wakaomba ada ndogo ya kufungua faili kupitia M-Pesa. KRA haitozi ada ili ikurudishie kodi yako, na malipo ya kodi hayatumwi kwenye nambari ya simu ya mtu. Tazama pia anwani ya tovuti: ya kweli huishia kra.go.ke, na inayoanza kwa herufi hizo kisha ikaishia kwa jina jingine si ya Mamlaka. Ukipigiwa simu na ukawa na shaka, kata, upige mwenyewe 020 4 999 999 au 0711 099 999, ambazo ni nambari za KRA, au uende ofisini kwao hapa Malindi ukiwa na kitambulisho.

Ukiwa umekwisha kutuma fedha, usione haya, kwa sababu kila dakika ina thamani. Mteja wa Safaricom apeleke ujumbe wa muamala wa M-Pesa kwa 456 kuomba urudishwe, na ujumbe wa kitapeli kwa 333. Kama ulitoa neno la siri la iTax, libadilishe papo hapo na uangalie ikiwa barua pepe na akaunti ya benki bado ni zako. Kama ulitaja nambari ya kitambulisho, piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa jina lako, na, kwa laini ya Safaricom, *100*100# ili mtu mwingine asiweze kubadilisha laini yako. Kisha piga ripoti polisi, au kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai kupitia 0800 722 203, ukiwa na nambari ya tapeli, saa aliyopiga na kiasi kilichotoka.