Barua pepe za skripti zinapofika mistari imegandana

Chukua ofisi ya wakala wa mizigo Kigoma. Kila jioni saa 12 skripti yake (programu fupi inayojiendesha) inawatumia wateja wa Kalemie na Bujumbura orodha ya mzigo uliopakiwa bandarini. Kwenye kompyuta ya ofisi orodha imekaa hivi:

Saruji, mifuko 600, Kalemie
Sukari, mifuko 250, Bujumbura
Chumvi ya Uvinza, magunia 180, Kalemie

Mteja anaifungua na kukuta "Saruji, mifuko 600, Kalemie Sukari, mifuko 250, Bujumbura Chumvi ya Uvinza..." yote kwenye mstari mmoja, kisha anapiga simu kuuliza kama sukari nayo inakwenda Kalemie. Skripti haikutoa onyo lolote, maana kwa upande wake barua imeondoka salama.

Kabla ya kugusa msimbo wa skripti, tazama barua ghafi kama ilivyomfikia mpokeaji. Kwenye Gmail iko ndani ya menyu ya nukta tatu iliyo pembeni ya barua. Kama mistari imetengana humo lakini kwenye skrini imegandana, tatizo ni namna barua inavyoonyeshwa. Kama imegandana hata humo, skripti yako ndiyo iliyoiharibu. Ukikuta mwili wote ni herufi zisizosomeka na juu pameandikwa `base64`, usishtuke: nakili sehemu hiyo kwenye faili, uipitishe kwenye `base64 -d`, ndipo uhukumu.

Sababu ya kwanza ya kuikagua ni kichwa cha `Content-Type`, mmoja wa mistari ya maelezo iliyo juu ya barua ghafi. Kikisema `text/html`, alama ya mstari mpya ndani ya maandishi huhesabiwa kama nafasi tupu tu, hata ukiweka kumi mfululizo. Una njia mbili. Badilisha kichwa kiwe `text/plain; charset=UTF-8`, au weka `<br>` mwisho wa kila mstari. Kwa PHP kazi hiyo hufanywa na `nl2br()`, lakini tanguliza `htmlspecialchars()`. Ukigeuza mpangilio huo, mteja ataona `<br>` yenyewe imeandikwa kwenye barua. Kwa Python, `replace("\n", "<br>\n")` inatosha. Kwa orodha fupi ya mizigo, maandishi matupu hayana shida. Ila usipange safu kwa kubonyeza nafasi nyingi, maana kwa mpokeaji herufi huenda zisiwe na upana sawa na safu zote zitayumba. Ukitaka safu, tumia jedwali la HTML.

Sababu ya pili ni alama za nukuu. Katika PHP, `'\n'` ndani ya nukuu moja ni herufi mbili za kawaida, na mteja ataziona hivyohivyo; ndani ya nukuu mbili, `"\n"`, ndipo inakuwa mstari mpya. Kwenye Bash, yaani shelo (programu ya kupokea amri) ya Linux, mtego ni mwingine. Ukiandika `echo $ORODHA` bila nukuu, mistari yote inaunganishwa kwa nafasi moja moja kabla hata barua haijaanza kutengenezwa. Andika hivi:

`printf '%s\n' "$ORODHA" | mail -s "Mzigo wa leo" anwani`

Nukuu hizo mbili zinazozunguka `$ORODHA` ndizo dawa. Tumeitaja `printf` kwa sababu `echo` ya Bash haitafsiri `\n` mpaka uiongezee `-e`, na kwenye shelo nyingine tabia yake ni tofauti.

Sasa kisa kinachosumbua zaidi: faili lililotoka kwenye Windows. Mwisho wa mstari una alama mbili zisizoonekana, urithi wa mashine za teleprinta: CR, namba 13, ya kurudi mwanzo wa mstari, na LF, namba 10, ya kushuka mstari mmoja. Linux hutumia LF peke yake. Windows hutumia zote mbili. Barua pepe ikiwa njiani kati ya seva na seva nayo inadai zote mbili, kwa kanuni ya RFC 5322, hati inayoeleza muundo wa barua pepe. Karani akihifadhi orodha kwenye Excel kama CSV, kila mstari unabeba CR. Baadhi ya matoleo ya `mailx` yakiikuta alama hiyo yanadhani faili si maandishi, hivyo barua inafika tupu ikiwa na kiambatisho ambacho Outlook hukiita ATT00001.bin. Kagua kwa:

`cat -A orodha.csv`

Mstari safi unaishia na `$`. Ukiona `^M$`, CR imo. Iondoe:

`tr -d '\r' < orodha.csv > safi.csv`

Usielekeze matokeo kwenye faili lilelile la mwanzo. Shelo hulifuta kwanza ndipo `tr` ianze kusoma, na orodha ya siku nzima imepotea.

Nani basi anayeongeza CR ambayo barua inaidai? Ukituma kwa amri ya `mail` au kwa programu ya sendmail iliyo kwenye mashine yako, andika LF tu katika mwili wa barua, programu itamalizia. Ukifungua mwenyewe muunganisho wa SMTP (utaratibu wa kupelekea barua pepe), tuseme kwenye mlango 587, ni jukumu lako kutuma CRLF, yaani CR na LF pamoja. Maktaba ya `smtplib` ya Python hurekebisha ukiipa maandishi ya kawaida. Ukiipa baiti haizigusi. Tumia `EmailMessage` pamoja na `send_message` na habari hii inakwisha. Kwa PHP, maktaba ya PHPMailer inakupunguzia taabu nyingi kuliko `mail()`, kwani toleo 8.0 la PHP lilibadilisha alama inayotenganisha vichwa na baadhi ya seva zikavurugika. Tangu udhaifu wa SMTP ulipotangazwa Desemba 2023, baadhi ya seva zinakataa LF iliyo peke yake, kwa hiyo jibu lenye maneno "bare LF" lina maana hiyo.

Mteja akiona maneno kama `Content-Type:` juu ya barua, kuna mstari mtupu uliojipenyeza katikati ya vichwa, maana mstari mtupu wa kwanza ndio unaotenga vichwa na mwili. Mara nyingi ni kichwa cha habari (`Subject`) kilichosomwa kutoka kwenye faili pamoja na LF yake. Kipitishe kwenye `trim()`. Na kama kinatoka kwenye fomu ya tovuti, futa kila CR na LF iliyomo, la sivyo mtu atajiongezea wapokeaji wake kupitia skripti yako.

Mstari mmoja usizidi herufi 998. Ukizidi, seva nyingine huukata popote, na sendmail huacha alama ya `!` pale ilipokata. Tumia usimbaji wa quoted-printable, unaokata kila herufi 76 na kuunganisha tena upande wa pili. Alama za `=` zikionekana mwisho wa mistari, umesimba lakini umesahau kichwa cha `Content-Transfer-Encoding`.

Outlook ina ukaidi wake: kwa barua za maandishi matupu huondoa mikato ya mistari inayoiona ni ya ziada. Juu ya barua huweka taarifa ya kubonyeza ili mikato irudi, lakini huwezi kuzunguka kwa kila mteja kumwelekeza. Kwa wateja wa namna hiyo tuma HTML yenye `<br>`.

Jaribu kwa anwani mbili, ya Gmail na ya Outlook. Mwili uwe na mistari mitatu mifupi, mmoja mtupu, mmoja wa herufi 1,100, na mmoja wenye nukta tu. Huo wa nukta usiuache: kwa SMTP ni ishara kwamba barua imeisha, na ukiita sendmail bila `-i`, kila kilicho chini yake hakitafika.